Nilivyozama Katika Maji Yasiyokuwepo

Kabla sijaeleza yaliyonipata, naomba msomaji aelewe kwamba Kiingereza ninakijua. Nilikisoma kwa kalamu na daftari, sarufi yake ninaimudu, tahajia yake hainibabaishi, na barua rasmi ninaweza kuiandika hata nikiwa nasinzia. Jambo moja tu nilikuwa sijalifanya hadi siku ile, nalo ni kukaa ubavuni mwa Mwingereza aliye hai huku akizungumza.

Kamati yetu ya maji ilikuwa imeomba ushauri wa kitaalamu kuhusu mradi wetu, ambao ulikuwa na chanzo kwenye kijito, pampu moja, tangi la lita 10,000 na mtandao wa mabomba uliozidi kila mwaka kuvuja kuliko kutoa. Baada ya miezi mingi ya kusubiri akaja mhandisi mstaafu kutoka Uingereza, mzee mpole mwenye masharubu meupe, aliyekuwa akijitolea kuzungukia miradi midogo ya maji. Asubuhi ile ile mkalimani tuliyempanga akaamka sauti imemkauka kabisa, na Mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Mwanangu," akasema, "si wewe unayetuandikia zile barua? Basi leo uzisome kwa mdomo."

Nikakubali kwa haraka ambayo sasa inanitia aibu. Sikujua kwamba mgeni wetu alikuwa mtu asiyeweza kumaliza sentensi tatu bila kuichovya mojawapo majini. Simlaumu, kwa sababu watu waliokaa kisiwani na kusafiri kwa merikebu kwa karne nyingi hawawezi kukosa maji katika lugha yao, kama vile Kiswahili, lugha iliyokulia ufukweni, kilivyojaa mikondo, kupwa, kujaa na bamvua. Ninachomlaumu kidogo ni kwamba misemo hiyo yote alikuja kuimwaga katika kikao cha kamati ya maji, mbele ya wajumbe waliokuwa tayari kuamini lolote litakalosemwa kuhusu maji, na mbele ya Bi. Katibu, mwalimu mstaafu ambaye kwake jambo lisiloandikwa kwenye muhtasari halijatendeka.

Mgeni alisimama, akaweka mkono kifuani, akaomba radhi kwa kuchelewa. Akasema, kwa Kiingereza chepesi nilichokielewa neno kwa neno, kwamba kwa ajili ya ucheleweshaji huo yeye mwenyewe yuko "in hot water" ofisini kwao.

"Mgeni anawasalimu," nikatangaza kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "na anasema kwamba kwa sababu ya kuchelewa kuja kwetu, huko ofisini kwao yumo ndani ya maji ya moto."

Ukumbi ukanyamaza kidogo, kisha zikasikika sauti za pole. Bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele, ambaye hajawahi kukosa kikao wala methali, akaniambia, "Mwambie asiwe na wasiwasi. Maji ya moto hayachomi nyumba." Nikamtafsiria mgeni kwamba maji ya moto hayaunguzi nyumba, naye akatikisa kichwa taratibu, nadhani akijiuliza ni nyumba ya nani iliyokuwa hatarini. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa kupenda mambo ya kiufundi, akataka kujua kama hayo maji ya ofisini yanapashwa kwa umeme au kwa nguvu ya jua. Nikauliza. Mgeni akadhani anafanyiwa mzaha, akacheka, akajibu kwamba anayeyapasha ni bosi wake.

"Anasema yanapashwa na mkuu wake wa kazi," nikatafsiri, na Bi. Katibu akaandika.

Mgeni akaendelea kueleza kwamba kazi zimekuwa nyingi, wasaidizi wamepungua, naye anajitahidi tu "to keep my head above water". Ninyi mnaosoma mmekwisha kutambua kwamba Kiswahili kilikuwa na msemo uleule, wa maji kumfika mtu shingoni, na kwamba msemo huo ulikuwa umekaa mlangoni ukinisubiri. Nikaupita bila hata kuusalimu. Nilichokisema ni kwamba mgeni amebakiwa na kichwa tu juu ya maji. Hivyo, kwa mujibu wa tafsiri zangu mbili zilizofuatana, mzee huyu alikuwa amezama hadi shingoni ndani ya maji yaliyokuwa yakichemshwa na bosi wake, na bado akapata muda wa kuja kututazamia mabomba. Heshima yake ukumbini ilipanda kiasi ambacho hakuna sifa ya kitaalamu ingeweza kuipandisha.

Hapo Mwenyekiti akatandika mezani mchoro wa upanuzi wa mradi. Ulikuwa mchoro mkubwa, uliochorwa kwa penseli za rangi kwa muda wa wiki tatu na mjukuu wake, ukionyesha tangi la pili, mabomba ya bluu na koki 24. Mgeni aliutazama kwa makini, akavua miwani, akasema kwa upole kwamba hapendi "to pour cold water on your plan", lakini kuna mambo yanayomsumbua.

"Mgeni anasema hataki kumwaga maji baridi juu ya mchoro wenu," nikatafsiri, "lakini kuna jambo."

Neno "lakini" lilitosha. Bi. Katibu aliunyakua mchoro mezani kama mtu anayeokoa mtoto barabarani, akaukunja na kuukalia. Mhazini akaliondoa jagi la maji lililokuwa mbele ya mgeni, akalipeleka dirishani, na kwa muda wote uliobaki wa kikao kile mzee wa watu hakupewa hata tone la kulainisha koo. Yeye alikuwa ametaka kusema tu kwamba hakutaka kutukatisha tamaa.

La bata ndilo lililofunga siku. Mjumbe mmoja alimuuliza mgeni kama haumizwi na lawama za watu, kwa maana katika kazi za maji lawama hazikosekani, naye akajibu kwamba amekwisha kuzizoea, kwake yeye ni "like water off a duck's back". Taswira yenyewe ni nzuri mtu akiijua. Bata ana tezi ya mafuta karibu na mkia, naye huyachota mafuta hayo kwa mdomo na kuyapaka kwenye manyoya, ndiyo maana maji yakimwangukia huteleza na kumwacha mkavu. Lawama humteleza mgeni namna hiyo. Mimi nilisema hivi: "Lawama zote anazozipata zinatokana na maji yanayotoka mgongoni mwa bata."

Msomaji hawezi kujua, ila kila aliyekuwa ukumbini alijua, kwamba kamati yetu ilikuwa na mgogoro wa mwaka mzima na mzee mmoja mfugaji wa bata, aliyetuhumiwa kuwaachia waogelee kwenye chanzo. Vichwa vyote vikamgeukia. Mzee akasimama akitetemeka, akadai kujua nani aliyemwandikia Mwingereza kuhusu bata wake, akaapa kwamba hawajawahi kukanyaga chanzoni, na kikao kikaahirishwa katikati ya makelele huku mgeni akinishika mkono na kuniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, ni neno gani baya alilolisema.

Jioni nilikwenda kumtazama mkalimani mgonjwa na kumsomea nakala ya muhtasari. Kwa kuwa hakuwa na sauti, alicheka bila kutoa mlio wowote, mabega yakimruka na machozi yakimtiririka, na huo ni mcheko unaoumiza kuutazama kuliko ule wa kelele. Alipotulia akachukua penseli na kuandika kwenye karatasi: maji ya moto ni matatani. Chini yake akaandika mengine sita, kisha akanipa kamusi ya misemo na kuninyooshea kidole mlango.

Sikulala usiku ule, na siwezi kusema kwamba sikufurahia. Nilikuta kwamba hoja isiyo na mashiko husemwa kuwa "does not hold water", sawa na chombo kinachovuja. Kupima maoni ya watu kabla ya kutenda ni "to test the water", na mtu anayevuruga jambo lililo wazi husemwa anayatibua maji. Nilijifunza kwamba farasi anayefikishwa mtoni na kukataa kunywa alikuwa amekwisha kuchapishwa kwenye mkusanyiko wa methali za Kiingereza mwaka 1546, na kwamba onyo la kutomtupa mtoto pamoja na maji aliyoogeshewa ni la Kijerumani, lililochapishwa tangu mwaka 1512. Kitu bora kabisa huitwa cha maji ya kwanza, kwa sababu wafanyabiashara wa vito walizoea kuupima uangavu wa almasi kwa kuulinganisha na maji. Kilichonipendeza zaidi kilikuwa gari la maji. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, magari ya kukokotwa yalimwaga maji barabarani kutuliza vumbi, na mtu aliyeacha pombe akasemwa kuwa amepanda gari hilo. Kwetu aliyepiga maji ni mlevi, kwao aliyepanda maji ndiye aliyeacha ulevi. Nikaona kwamba mkalimani anayeingia kati ya lugha mbili kama hizi bila kamusi anastahili yote yatakayompata.

Kulipopambazuka nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa na misemo 40 kichwani na azimio moja moyoni: kwamba siku hiyo mgeni akitamka neno maji, sitadanganyika tena.

Ratiba ya siku ya pili ilikuwa kukagua mradi wenyewe. Tulianza na tangi. Mgeni alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akainama kutazama chini yake, akanyanyuka na kusema kwa masikitiko, "I'm afraid this tank doesn't hold water."

Nikatabasamu kwa siri. Huu nilikuwa nao.

"Mgeni anasema," nikawageukia wajumbe, "kwamba hoja ya kuwa na tangi hili haina mashiko."

Fundi wetu wa bomba, aliyelijenga tangi lile kwa mikono yake, hakuipokea kauli hiyo vizuri. Akaomba nafasi ya kutetea hoja. Akaeleza kwa ufasaha uliotushangaza sote kwamba bila tangi hakuna akiba, bila akiba pampu italazimika kuzunguka mchana na usiku, na bila kimo cha tangi maji hayatafika kwenye nyumba za mwinuko. Mgeni, nilipomtafsiria, akakubaliana naye kwa kila nukta, akaongeza kwamba kila mita 10 za kimo huzaa shinikizo la takribani baa 1, na kwa hiyo tangi letu, lililo mita 6 juu ya koki, linatoa kama baa 0.6 hivi. Nikaitafsiri sentensi hiyo barabara, bila kosa hata moja, na ndiyo sentensi pekee ya siku tatu zile ambayo haimo kwenye muhtasari, kwa sababu wino wa kalamu ya Bi. Katibu ulikuwa umekatika. Mjadala wa hoja ya tangi ukaendelea kwa dakika 20. Muda wote huo maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye ufa wa chini na kuingia taratibu ndani ya viatu vya mgeni, naye alikuwa akituonyesha viatu hivyo kwa mikono yote miwili.

Tukasogea kwenye koki inayohudumia watoto wa shule. Mgeni akasema kwamba ni lazima "to test the water" kabla ya kuwaruhusu watoto kunywa. Alikuwa na chupa za sampuli ndani ya kisanduku cha barafu garini, na alikuwa na haraka, maana sampuli za kupimia vijidudu zinatakiwa zifike maabara zikiwa baridi na kabla ya saa 24 kupita. Mimi nikawaambia wajumbe kwamba mgeni anashauri tupime upepo kwanza, tusikie maoni ya watoto kabla ya kuendelea. Wazo hilo lilipendwa mno. Iliundwa papo hapo kamati ndogo ya kukusanya maoni ya watoto, ikachaguliwa na mwenyekiti wake, na barafu ya mgeni ikayeyuka.

Lakini hayo yote yalikuwa mzaha mtupu ukilinganisha na yaliyotokea tulipoanza kupanda kuelekea chanzoni. Mgeni akasimama kando ya kijito, akachota maji kwa kiganja, akayatazama yalivyokuwa ya rangi ya chai, akanyoosha kidole kuelekea mlimani na kusema kwamba kuna mtu huko juu anayeyatibua maji. Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, na laiti ningelitafsiri neno kwa neno kama siku ya kwanza, pasingekuwa na kisa. Mimi nikashusha sauti, maana niliuona uzito wa jambo lenyewe, nikasema:

"Mgeni anasema kuna mtu huko juu anayevuruga mambo."

Hakuna aliyesogea. Katika kamati ndogo kama yetu "huko juu" ni watu watatu, na wote watatu walikuwepo. Mwenyekiti akamtazama Bi. Katibu, Bi. Katibu akamtazama Mhazini. Mhazini akatazama majani. Kisha, bila ya mtu yeyote kumuuliza, Mhazini akaanza kueleza. Akasema kwamba mabomba manne yaliyoandikwa kuwa yalinunuliwa yalikuwa kweli yamenunuliwa, ila mawili kati ya hayo yalikwenda kwanza nyumbani kwake kwa ajili ya kuhifadhiwa, na kwa kuwa kuyahifadhi bila kuyatumia kunayaharibu, yalitumika. Akasema alikuwa na nia ya kuyarudisha. Akamwomba mgeni, kupitia kwangu, asimfikishe mbali.

Nilipomtafsiria mgeni hotuba hiyo, alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akanigeuza kwa mabega, taratibu, kama mtu anavyogeuza mtungi asije akaumwaga, akanielekeza uso juu ya mkondo. Pale, umbali wa hatua 30, bata tisa walikuwa wakichimbua tope kwa midomo yao kwa furaha isiyo na kifani.

"My friend," akaniambia, na upole wake ulinichoma kuliko ukali, "nikisimama kando ya mto nikasema maji, nina maana ya maji."

Nikaapa kwamba nimeelewa. Maji ni maji. Na hakika kiapo changu hakikuwa kimetimiza robo saa pale simu ya mgeni ilipolia, akaisikiliza, akashika kichwa, akapiga kelele huku macho yakimlengalenga: "Her waters have broken! My daughter's waters have broken!"

Sikupoteza hata sekunde. "Jamani," nikasema, "mabomba ya maji ya binti yake yamepasuka!"

Kama kuna kundi la watu duniani linalojua la kufanya bomba linapopasuka, ni kamati yetu. Fundi akaweka chini mkoba wake na kutoa spana. "Mwambie afunge koki kuu kwanza," akasema. "Na atuambie ni bomba la inchi ngapi." Nikamfikishia mgeni ushauri huo wote, pamoja na swali la inchi. Siwezi kuuelezea uso wake. Alifungua mdomo, akaufunga, na mwishowe, akiwa amekata tamaa ya lugha zote, akachora kwa mikono miwili tumbo kubwa la duara mbele ya tumbo lake.

"Ala!" yule Bibi akapaza sauti. "Chupa imepasuka! Binti yuko kwenye uchungu, nanyi mnatafuta spana!"

Kicheko na pongezi vikalipuka kwa pamoja, na mimi, kwa kutaka kurekebisha mambo haraka, nikamgeukia mgeni na kumweleza kwa Kiingereza kwamba bibi huyu amefahamu, anasema chupa imepasuka. Mgeni akauliza chupa gani. Nikatambua kwamba Waingereza hawana chupa mahali pale, wana maji tu. Sisi twakitaja chombo nao wanakitaja kilichomo. Nikaanza kumfafanulia jambo hilo, lakini yeye alikuwa amekwisha kukimbilia garini kuzikagua chupa zake za sampuli.

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa ya kuagana, niliingia na utaratibu mpya. Nilimweleza mgeni kwamba kila atakapotaja maji nitamsimamisha na kumuuliza kama ni maji ya kweli au maji ya maneno. Alikubali, kwa uchovu. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku kucha, naye alikuwa amepata habari kwamba amekuwa babu wa mtoto wa kike, kwa hiyo alikuwa na furaha ya kumtosha kunisamehe. Utaratibu ulifanya kazi vizuri. Alitueleza namna ya kuziba ufa wa tangi, akaomba wigo wa kuzuia bata, akaeleza upya suala la sampuli, na kila mara nilimsimamisha na kila mara akajibu, "Ya kweli." Ilipofika mara ya 11 alianza kujibu kabla sijauliza.

Hatari ilikuja kutoka upande nisioutazamia, yaani kutoka mdomoni mwangu. Wajumbe walikuwa wameandaa sinia la bilauri zilizojaa maji ya bomba letu wenyewe, yaliyochemshwa, ili Mwenyekiti ampokeze mgeni bilauri ya kwanza na wajumbe wengine wafuatie kumpokeza kila aliyekaa meza kuu. Nikatakiwa kulitangaza tendo hilo kwa lugha ya mgeni. Kitenzi cha kupokezana nilikijua, na neno la maji nilikwisha kulijua kuliko nilivyopenda. Nikaviunganisha. Nikasimama wima, nikamtangazia mgeni kwamba sasa "the Chairman will pass water", na kwamba baada yake wajumbe wote "will pass water", mmoja mmoja, wakianza na wazee.

Mgeni akarudisha kiti chake nyuma. Mwenyekiti akasimama, akatengeneza koti lake, akaanza kumwendea kwa tabasamu pana, na mgeni akazidi kurudi nyuma hadi kiti kikagonga ukuta. Nikasikia mtu akikohoa kwa nguvu mlangoni. Alikuwa yule mkalimani, aliyepata nafuu na kuja kuaga, na kwa nusu ya sauti aliyokuwa ameipata akaninong'oneza sikioni kwamba maneno hayo mawili yakikaa pamoja huwa hayahusiani na bilauri hata kidogo, bali ni kwenda haja ndogo. Alipomaliza kunong'ona akatoka nje, akauegemea mti, na hakurudi.

Kwa hiyo nilikuwa peke yangu tulipomsindikiza mgeni garini. Nilikuwa nimemwomba radhi kwa Kiingereza, Mhazini naye ameomba radhi kwa Kiswahili, mfuga bata ameomba radhi kwa niaba ya bata, na mgeni, akiwa ameshika mkono wa Mwenyekiti kwa mikono yake miwili, akatutazama sote kwa zamu na kusema kwamba yote yaliyotokea ni "water under the bridge".

Nikafungua mdomo kuuliza swali langu. Akaninyooshea kiganja, kwa tabasamu, kuniomba nisiulize. Nikabaki na akili yangu mwenyewe. Nikatafakari kwamba mvua imenyesha usiku kucha, kwamba njia ya mgeni inapita darajani, na kwamba mtu huyu aliniambia kwa mdomo wake kwamba akisema maji ana maana ya maji. Usiku ule wa kamusi sikuwa nimefika kwenye herufi ya daraja, na hivyo sikujua kwamba alichokisema ndicho sisi tunachokisema kila siku, kwamba yaliyopita si ndwele.

"Mgeni anasema," nikatangaza, "kuna maji chini ya daraja."

Mwenyekiti ni mtu mwangalifu na hawezi kumruhusu mgeni wake asafiri katika hali ya mashaka. Akaagiza kijana mmoja apande baiskeli akatazame. Tukasimama kando ya gari, mlango ukiwa wazi, injini ikiunguruma. Mgeni akatabasamu, nasi tukatabasamu. Baada ya dakika tano akauliza tunasubiri nini, nikamwambia tunasubiri habari za daraja. Akazima injini.

Kijana alirudi baada ya nusu saa, amelowa tope hadi magotini, akashuka kwenye baiskeli na kusimama mbele ya Mwenyekiti.

"Yapo, Mzee," akasema huku akihema. "Chini yapo mengi. Juu hayapo kabisa."

Nilipomtafsiria mgeni taarifa hiyo alikaa kwenye kiti cha gari, akaweka paji la uso juu ya usukani, na honi ikalia mfululizo kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuupima. Bi. Katibu, aliyekuwa amepata kalamu mpya, alisubiri inyamaze. Kisha akaandika kipengele cha mwisho cha muhtasari, ambao umepigwa muhuri na umo kwenye jalada hadi leo: kwamba mjumbe alitumwa, na ilithibitishwa kuwa maji yapo chini ya daraja.